Somo la kompyuta lianze kwa mchoro

Karibu kila mchoro unaosogea ndani ya kivinjari cha simu uliandikwa kwa maneno na namba kabla haujaonekana. Ramani inayokuzwa kwa vidole viwili, grafu inayotaja bei pale inapoguswa, mchezo wa karata unaochezwa foleni ikiwa imesimama Jinja Road, vyote ni mistari ya maagizo ambayo kivinjari huisoma na kuigeuza kuwa umbo, rangi na mwendo. Jijini Kampala michoro ya namna hii huguswa kutwa. Abiria wa taksi huigusa, mwenye duka Kikuubo huigusa, mtoto aliyeazimwa simu ya mama yake huigusa. Wanaoigusa ni wengi, wanaojua kuiandika ni wachache mno.

Sababu moja ni namna kompyuta inavyofundishwa. Vyuo vidogo vya Wandegeya na vya katikati ya jiji, ambako wazazi huwapeleka vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita (S.4 au S.6) wakisubiri matokeo, huanza na uandishi wa barua, hufuata majedwali ya hesabu, na mwisho ni cheti. Kijana hutoka akijua kutumia kile ambacho wengine wamekitengeneza. Msimamo wa makala haya ni kwamba somo la kwanza la kompyuta, shuleni na nyumbani, liwe kuchora kwa msimbo, yaani kwa maagizo yaliyoandikwa, ndani ya kivinjari. Chombo chenyewe kimo tayari katika kila simu janja, hakidai ada ya leseni, hutumia hesabu zile zile za darasani, na mwanafunzi huliona kosa lake papo hapo kwa macho yake. Samaki mkunje angali mbichi.

## Bendera kwa maagizo saba

Kivinjari huchora juu ya eneo la mstatili linaloitwa kanvasi. Kampuni ya Apple iliibuni mwaka 2004 kwa ajili ya kompyuta zake, na baadaye ikaingia katika kanuni za HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, zilizopitishwa rasmi Oktoba 2014 na kufuatwa na vivinjari vyote vikubwa. Kanvasi imejaa nukta ndogo ziitwazo pikseli, na kila nukta ina anwani ya namba mbili. Namba ya kwanza huhesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka juu kwenda chini. Mwanafunzi aliyezoea grafu za ubaoni hushtuka kidogo, kwa kuwa hapa sifuri iko kwenye kona ya juu kushoto na namba hukua kadiri anavyoshuka. Mshtuko huo una faida: humlazimisha kuuelewa mhimili aliokuwa ameukariri tu.

Bendera ya Uganda, iliyopandishwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Oktoba 1962, ni zoezi zuri la kuanzia. Ina milia sita ya mlalo, nyeusi, manjano na nyekundu, mfuatano unaojirudia mara mbili. Kwenye kanvasi yenye upana wa pikseli 900 na kimo cha 600, kila mlia una kimo cha 100. Mlia mweusi wa juu huanzia 0, wa manjano 100, mwekundu 200, kisha mfuatano huanza upya kwenye 300. Duara jeupe la katikati huwekwa kitovu chake penye 450 na 300. Hayo yote ni maagizo saba. Mpangilio wake nao una maana, kwa sababu umbo linalochorwa baadaye hufunika lililotangulia. Atakayeanza na duara atalikosa, limezikwa chini ya milia. Korongo mwenye taji anayesimama ndani ya duara hilo huja mwisho, naye humfundisha mchoraji mistari iliyopinda, ambayo kila mmoja hutajwa kwa nukta chache za kuuongoza.

Rangi zenyewe ni namba tatu, kila moja kati ya 0 na 255, zinazopima nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kwa kuwa ni nuru na si rangi ya kopo, nyekundu kamili ikichanganywa na kijani kamili huzaa manjano. Namba hizo tatu zinatosha kutoa rangi zaidi ya milioni 16.

Baada ya hapo mwalimu anaweza kuuliza: je, kuna haja ya kuandika milia sita kwa maagizo sita? Agizo moja linalorudiwa mara sita linatosha, mradi programu ijue rangi ya kila mlia. Milia ikihesabiwa kuanzia 0 na kila namba ikagawanywa kwa 3, baki likiwa 0 mlia ni mweusi, likiwa 1 ni wa manjano, likiwa 2 ni mwekundu. Hesabu ya baki, ambayo mtoto alifundishwa shule ya msingi bila kuambiwa itamfaa wapi, imepata kazi.

Kuna njia ya pili ya kuchora, iitwayo SVG, iliyokubaliwa na W3C, shirika la viwango vya tovuti, mwaka 2001. Kanvasi ikishachora duara hubaki na nukta za rangi tu. Haikumbuki kwamba pale pana duara. SVG hulikumbuka kila umbo kama kitu kinachojitegemea, kinachoweza kuguswa, kupakwa rangi nyingine au kukuzwa bila mistari yake kufifia. Ramani ya Kampala yenye divisheni zake tano, Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, huchorwa vizuri zaidi kwa njia hii, maana kila divisheni huwa umbo moja linaloitikia kidole. Njia ya tatu, WebGL ya mwaka 2011, hukikabidhi kazi kichakataji cha picha kilichomo ndani ya simu ili vitu vyenye kina, kama jengo linalozungushwa, vichorwe kwa kasi. Anayeanza anaweza kuiacha hadi miguu yake imesimama imara.

## Mwendo na mguso

Mwendo hutokana na kufuta na kuchora upya. Kivinjari husafisha kanvasi na kuichora tena, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, na kila mara umbo huwa limesogezwa kidogo. Ni mbinu ile ile ya watoto wanaochora vibonzo pembezoni mwa daftari kisha wakazipeperusha kurasa kwa kidole gumba. Vivinjari vya leo humpa mwandishi agizo maalumu linalosubiri skrini iwe tayari kabla ya kila mchoro mpya. Ukurasa ukifichwa nyuma ya mwingine, kivinjari huacha kuchora, na betri hupona. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika jioni na simu ni moja, hilo si jambo dogo.

Mwandishi makini hujali pia simu dhaifu. Simu ya bei ya chini inaweza kushindwa kufikia michoro 60 kwa sekunde ikaishia nusu yake. Programu inayosogeza umbo pikseli tano kwa kila mchoro itakwenda haraka kwenye simu ya tajiri na kujikokota kwenye simu ya mnyonge. Dawa yake ni kupima muda uliopita tangu mchoro wa mwisho, kisha kuzidisha mwendokasi kwa muda huo. Umbali ni sawa na mwendokasi mara muda. Mwanafunzi wa fizikia ameiandika kanuni hiyo mara nyingi kwa ajili ya mtihani. Hapa asipoitumia, kazi yake itaharibika kwenye simu ya jirani.

Baada ya mwendo huja mguso. Ubao wa omweso, mchezo wa jadi wa Buganda na majirani zake, una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Bao la Waswahili wa pwani lina hesabu hiyo hiyo. Kuuchora ubao huo ni kazi ya maagizo mawili ya kurudia, moja ndani ya jingine, la safu na la mashimo. Mchezaji akigusa skrini, kivinjari huipa programu namba mbili za mahali kidole kilipotua. Ni shimo lipi limeguswa? Programu hupima umbali kutoka kidole hadi kitovu cha kila shimo kwa kanuni ya Pythagoras, na penye umbali mdogo kuliko nusukipenyo ndipo penye jibu. Kete za shimo hilo huchukuliwa, kisha hupandwa moja moja kinyume cha mwendo wa saa, na kila hatua huonekana.

Kijana aliyeandika omweso wa namna hiyo amefanya kazi ya mhandisi. Ameugawa mchezo katika sehemu, ameandika kanuni zake kwa ukamilifu, amejaribu, ameona kete ikipotea na kuitafuta ilikopotelea. Majina ya vitu ndani ya programu yake anaweza kuyaandika kwa Kiswahili au Kiluganda, kwa kuwa JavaScript, lugha ya programu inayoeleweka na vivinjari, haimlazimishi kutumia jina lolote la kigeni kwa kitu alichokibuni mwenyewe. Mcheza kwao hutunzwa.

## Zana za bure na funzo la Flash

Wazo la kumfundisha mtoto kompyuta kwa kuchora lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo nchini Marekani, lugha ambayo watoto walikuja kuitumia kumwongoza kobe aliyechora mistari kwa kupewa hatua na nyuzi za kugeuka. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry wa chuo kikuu cha MIT walianzisha Processing, wakiwalenga wasanii na wabunifu waliokuwa wakiogopa vitabu vizito vya programu. Mwaka 2013 msanii Lauren Lee McCarthy alianza kuupeleka moyo wa Processing ndani ya kivinjari kwa jina la p5.js, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2020. Programu ya p5.js ina sehemu mbili kuu: moja hutekelezwa mara moja tu kuandaa kanvasi, ya pili hurudiwa bila kukoma kuchora. Mtu anaweza kuielewa kwa jioni moja. Kwa watoto wadogo kuna Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, ambayo maagizo yake ni vipande vya rangi vinavyounganishwa, na yanapatikana kwa Kiswahili.

Zana hizo ni programu huria. Hazina ada, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha. Umuhimu wa uhuria huo ulionekana wazi katika kisa cha Flash. Kwa miaka mingi katuni, michezo na masomo ya kompyuta yaliyosogea kwenye tovuti yalitengenezwa kwa Flash, mali ya kampuni moja, ambayo ilihitaji kiongezi chake ndani ya kivinjari. Simu za iPhone hazikuipokea tangu zilipotoka mwaka 2007. Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kuizika, na tarehe 31 Desemba 2020 msaada wake ukakoma. Masomo yaliyojengwa kwa Flash yakageuka faili zisizofunguka, hata katika shule zilizokuwa zimeyalipia. Cha kuazima hakistiri maungo. Mchoro ulioandikwa kwa kanuni za wazi za tovuti hauwezi kuzimwa na uamuzi wa ofisi moja, kwa sababu kila kivinjari kinazijua kanuni hizo na kila mwalimu anaweza kuufungua, kuusoma na kuurekebisha.

## Hewa ya Kampala kwenye ramani

Ushahidi mzuri zaidi wa thamani ya michoro hii uko Makerere. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, walianzisha AirQo, mradi wa kupima uchafu wa hewa. Vituo vya rejea vya kupimia hewa hugharimu makumi ya maelfu ya dola kimoja. Wao walitengeneza vipimaji vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto la miji ya Afrika, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Vipimaji hivyo huhesabu chembe ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usivuke mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Moshi wa magari na bodaboda, mkaa wa kupikia, taka zinazochomwa na vumbi la barabara zisizo na lami huifanya Kampala kuwa mbali na kiwango hicho.

Vipimo peke yake ni namba tu: mahali, saa na kiasi. Msimbo ndani ya kivinjari ndio unaozigeuza kuwa habari. Kampala iko karibu na digrii 0.3 kaskazini ya ikweta na digrii 32.6 mashariki; programu hubadilisha digrii za kila kipimaji kuwa mahali kwenye skrini, hulinganisha kiasi cha chembe na viwango vya afya, kisha huweka nukta yenye rangi, kijani penye usalama, manjano na rangi ya chungwa penye tahadhari, nyekundu na zambarau penye hatari. Mtu akigusa nukta hupata kipimo cha mtaa wake. Mradi huo ulipata ruzuku ya Google mwaka 2019 na vipimaji vyake vimefika miji mingine ya Afrika. Je, mama mwenye mtoto wa pumu angenufaika vipi na jedwali la maelfu ya namba? Nukta nyekundu karibu na shule ya mtoto wake anaielewa mara moja, na anaweza kumuuliza mwalimu mkuu kwa nini michezo hufanyika saa ile moshi unapozidi.

Afrika Mashariki imewahi kuonyesha njia katika jambo hili. Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walisimamisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa maeneo kama Tandale walichora mitaa na mifereji yao katika mradi wa Ramani Huria, ili mafuriko yakadiriwe kabla hayajaingia majumbani. Kazi hizo zilifanywa na watu wa hapa hapa, kwa shida za hapa hapa.

Mahitaji ya namna hiyo Kampala yamejaa. Bwaise hufurika mvua kubwa inaponyesha, na wakazi wake wanastahili ramani ambamo mtu anaweza kusogeza kipimo cha mvua na kuona maji yatafika nyumba ipi. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini Uganda. Shirika la takwimu, UBOS, lina hazina kubwa ya taarifa kutokana na zoezi hilo, na sehemu kubwa yake humfikia mwananchi katika majedwali marefu. Diwani anayetaka kujua kata yake ina kaya ngapi zisizo na choo, au mzazi anayelinganisha shule na idadi ya watoto, angesaidiwa zaidi na ramani anayoweza kuiuliza kwa kidole kuliko kitabu cha kurasa mia kadhaa.

## Gharama kwa kaya

Kaya ya kawaida huuliza kwanza kuhusu bei, na ni haki yake. Waganda waliwahi kutozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Kila megabaiti ina mlipaji. Hapo mchoro wa msimbo una faida ambayo wengi hawaifikirii. Dakika moja ya video hula megabaiti kadhaa. Ukurasa wenye maagizo ya kuchora moyo unaodunda, damu ikizunguka na mwanafunzi akiruhusiwa kupunguza au kuongeza mapigo, unaweza kuwa na uzito wa kilobaiti chache, kwa sababu kinachosafiri ni maelezo ya mchoro, na kazi ya kuchora hufanywa na simu yenyewe. Maktaba ya p5.js ni ndogo kuliko wimbo mmoja. Ikishapakuliwa mara moja huhifadhiwa kwenye kompyuta au kwenye kadi ya kumbukumbu, na somo zima huendelea bila bando.

Vikwazo vipo, na havifichiki. Kuandika msimbo kwa kibodi ya simu kunachosha; kompyuta mpakato iliyotumika ni bora zaidi, nayo haiko katika kila nyumba. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Maabara za kompyuta zilizowekwa shuleni kwa fedha za mfuko wa mawasiliano vijijini, ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, hufunguliwa kwa ratiba finyu, na umeme ukikatika somo huahirishwa. Hata hivyo, kivinjari hakichagui kompyuta. Mashine ya miaka kumi iliyopita, iliyo nzito mno kwa programu za kisasa za usanifu, bado huchora bendera na omweso bila taabu. Kompyuta moja kwa vijana wanne wanaopokezana, mmoja akiandika na watatu wakitazama kosa liko wapi, ni darasa halali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wapo watakaouliza kama kuna haja ya kujifunza haya ilhali mashine za akili bandia sasa huandika msimbo zenyewe. Mashine hizo huandika haraka, na hukosea kwa kujiamini. Anayejua kuchora huona mara moja kwamba kete imepandwa upande usiofaa au kwamba nukta ya Kawempe imetua ndani ya ziwa. Asiyejua atalipia kazi mbovu akishukuru.

## Kutoka darasani hadi Nasser Road

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unadai miradi ya wanafunzi na tathmini endelevu inayobeba asilimia 20 ya alama za mwisho. TEHAMA ndani yake ni somo la hiari. Hakuna kinachomzuia mwalimu wa hesabu, wa jiografia au wa sanaa kukubali mchoro wa kivinjari kama mradi. Wimbi la sini linalosogea hufundisha trigonometria vizuri kuliko jedwali la namba. Mpira unaodunda, ambao mwendokasi wake huongezwa kiasi kile kile kwenda chini kila mara, huonyesha nguvu ya mvutano bila maabara. Chuo Kikuu cha Colorado kimekuwa kikitoa majaribio ya sayansi ya namna hii tangu mwaka 2002 kwa jina la PhET. Ni ya bure, huweza kupakuliwa, na baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Shule isiyo na betri wala waya za kutosha inaweza kujenga sakiti ya umeme kwenye skrini leo hii. Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na shule zinatafuta njia za kukifanya kipendwe, Scratch ya Kiswahili ingewapa walimu wa masomo mawili kazi moja ya pamoja.

Uganda inakumbuka kwa nini somo hili ni la kaya zote. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalipelekwa redioni, kwenye televisheni na magazetini, na walimu walijitahidi. Redio haimjibu mtoto aliyekosea, na karatasi haisogei. Masomo ya kuguswa, mepesi, yanayofunguka bila intaneti, yangelikuwa yameandikwa na walimu na wanafunzi wa Uganda kabla ya janga, yangelifika nyumba nyingi kwa kadi za kumbukumbu tu. Hayakuwepo kwa sababu wa kuyaandika hawakuwa wamefundishwa.

Upande wa kazi, Kampala ina hazina isiyotazamwa ipasavyo. Nasser Road, mtaa wa wachapaji, umejaa vijana wanaosanifu mabango, kadi za harusi, kalenda na mabango ya uchaguzi. Wana jicho la rangi, wanajua kupanga herufi, wanajua mteja anataka nini kabla hajamaliza kusema. Kilima kimoja tu kutoka hapo, Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na shule yenye jina lake imetoa wachoraji wa vizazi kadhaa. Wanaojua kuchora wapo. Wanaojua kuandika programu nao wapo, katika Chuo cha Kompyuta cha Makerere na katika vituo vya wabunifu kama Outbox na Hive Colab. Wachache wanajua vyote viwili, na hao ndio wanaotafutwa na vyombo vya habari vinavyotaka grafu za uchaguzi, hospitali zinazotaka kuonyesha mwenendo wa malaria, na kampuni za michezo ya simu. Kijana wa Nasser Road akiongezewa msimbo, bango lake linaweza kusogea, kuguswa na kuuzwa Nairobi au Muscat bila kulipia nauli ya basi.

Waganda husema anayekwenda polepole hufika mbali. Hatua zinazohitajika ni ndogo na zinajulikana. Kituo cha Kitaifa cha Ukuzaji Mitaala kiweke mchoro wa kivinjari mwanzoni mwa somo la TEHAMA, kabla ya majedwali na barua. UBOS na Mamlaka ya Jiji la Kampala zitoe takwimu zao kwa namna ambayo programu inaweza kuzisoma, ili wanafunzi wapate malighafi ya kweli. Vyuo vidogo vya mitaani viongeze wiki mbili za kuchora kwa msimbo katika kozi za likizo. Wazazi nao, kabla ya kulipa ada ya kozi hizo, wamwulize mwenye chuo swali moja: mtoto atatoka hapa akiwa ametengeneza nini? Chuo kisichoweza kujibu swali hilo hakistahili ada yao.